Hongo ya Mama Apolinaria

Mama Apolinaria humtania kila anayestahili kutaniwa, isipokuwa mtu mmoja. Muuza vitumbua wa Kizaramo akipita kwake huulizwa anakufa lini, maana sanda imeshanunuliwa na panya wanaimaliza. Fundi baiskeli, ambaye ni Muha, aliwahi kunyang'anywa kofia mchana kweupe mbele ya wateja wake, akarudi nyumbani kichwa wazi huku anacheka. Ndivyo utani ulivyo. Wanyamwezi wana watani wengi kwa sababu babu zao walitembea sana. Karibu kila kabila walilolipitia na pembe za ndovu mabegani wakienda pwani waligombana nalo, halafu ugomvi ukazeeka ukawa mzaha. Mtani akikutukana hukasiriki. Akishika kitu chako akasema "nipe", unatoa. Ukinuna, wewe ndiye mkosaji.

Na hakuna watani kama Wagogo, kwa kuwa wao walikaa katikati ya njia, penye visima. Msafara haukunywa wala haukupita mpaka utoe hongo, yaani ushuru wa njia.

Mzee Chilewa ni Mgogo. Ameishi kijiji kimoja na Mama Apolinaria zaidi ya miaka thelathini, huku mashariki ya Tabora, ukiifuata reli kuelekea Tura. Kila akimwona humpigia kelele, "Ee mpagazi! Leo umebeba nini?" Na kila siku Mama Apolinaria hukunja mikono, hushusha macho, hujibu kwa sauti ya kanisani, "Shikamoo, mzee."

Sisi wa klabu ya mazingira tulidhani ni heshima. Mimi ni mtoto wa mjini, baba yangu ni fundi cherehani, mambo ya utani nayasikia kwa wenzangu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ile shikamoo ilikuwa mlango aliomfungia Mzee Chilewa usoni kila asubuhi.

Nimtaje kwanza mwenyewe. Mama Apolinaria ni mfupi, ana mikono mirefu isiyolingana na mwili, na vidole vyake vimepinda kwa kupanda miti. Ni mrina asali. Wanawake wanaopanda mtini kwa kamba kama yeye nimesikia ni wachache. Ukimuuliza kama haogopi nyuki, anasema nyuki wafanyakazi wote ni wanawake, wanaijua shida. Jumapili anavaa viatu. Msituni havai.

Msitu wenyewe ni wa mipaini, ile ambayo kitabuni inaitwa misonobari. Zamani palikuwa na miti ya asili, mitundu na miyombo na mininga, ikakatwa yote ili ipandwe mipaini ya mbao. Ukiingia chini ya mipaini unaweza kudhani umeziba masikio. Hakuna ndege. Ardhi imetandikwa majani makavu kama sindano, na juu yake haioti hata bangi mwitu, kama anavyosema rafiki yangu Kulwa. Sasa kuna mradi unaoiondoa mipaini, ukanda mmoja mmoja, ili msitu wa zamani urudi. Na kinachotangulia kurudi ni maua. Yanatoka mahali palepale yalipokuwa, kana kwamba yalikuwa yamejificha tu. Anayejua kila ua lilikuwa wapi ni Mama Apolinaria, kwa sababu alipitishwa pale na baba yake akiwa mdogo. Ndiyo maana kila Oktoba mradi unampa kazi ya kuwaongoza wageni na wanafunzi kuyaona.

Baba yake aliitwa Alois. Alikuwa na mizinga arobaini ya magome, kila mmoja na alama yake, mistari miwili na nukta. Mwaka wa tisini na nne moto uliteketeza sehemu kubwa ya mipaini michanga. Nyapara wa shamba la miti alikuwa Mzee Chilewa, na ndiye aliyesimama mahakamani kusema kwamba alimwona Alois akirina asali kwa mwenge, mwenge ukadondoka, msitu ukawaka. Siku ya moto walikuwa wamemkamata Alois akiwa na masizi mpaka kwenye viwiko. Hakimu alipoelezwa habari ya ile mikono, ikatosha. Miaka miwili gerezani. Mizinga ikakusanywa ikachomwa. Apolinaria alikuwa Darasa la Nne. Hakufika la Tano, alipelekwa Bukene kwa shangazi yake kulima tumbaku. Alois alitoka akiwa anakohoa, Apolinaria akarudi kumuuguza, na baba akaishi miezi saba tu.

Haya yote kijiji kizima kinayajua. Lakini kuna la msibani, ambalo Kulwa alilisikia kwa bibi yake akanihadithia tukiwa bwenini.

Kwenye msiba watani huja kufanya vituko. Ni mila, huwezi kuwakataza. Mzee Chilewa alikuja kama mtani. Alichukua masizi ya chungu, akajipaka mikono yote mpaka kwenye viwiko, akaenda kusimama kwenye ukingo wa kaburi, akainua mikono juu na kusema, "Kwaheri, mchoma misitu!" Watu wakacheka. Wajomba wakacheka. Apolinaria, miaka kumi na nne, alikuwa ameshika udongo wa kumtupia baba yake. Hakuutupa. Aliondoka nao mkononi.

Tangu siku hiyo anataka kitu kimoja tu. Ameniambia mwenyewe, tumekaa uani kwake: "Sitaki fidia, Shamila. Radhi ataiomba kwa Mungu. Mimi nataka aseme kwa mdomo wake, mbele za watu, nani aliwasha ule moto." Kwa hiyo alikataa kumtania. Ukimtania mtu umesema hamna kinyongo. Yeye kinyongo anacho, amekilea kama mtoto.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, mvua ya kwanza haijanyesha. Tulikuwa wanafunzi ishirini na mbili na Mwalimu Adriano. Mwisho wa njia ya maua, karibu na lango, palisimamishwa kibao kimefunikwa kitambaa cheupe. Kamati ya mradi ilikuwa imeamua njia ipewe jina la Mzee Chilewa, maana ndiye aliyeupanda msitu, na sasa ni mzee wa miaka sabini na nne. Angetembea na sisi, halafu angefunua.

Alikuja na suti ya kahawia na fimbo. Alianza kutania kabla hajafika.

"Wapagazi ni hawa? Mbona hawana mizigo?"

Kulwa, ambaye hanyamazi hata akiwa amelala, akamjibu, "Mizigo tumeiacha kwenu, babu, mlitunyang'anya yote kwa sababu ya kikombe cha maji!"

"Na maji yenyewe yalikuwa ya mbuzi!" Mzee akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akamgeukia kiongozi wetu. "Na wewe, mpagazi mkuu, leo utatupeleka au utatupoteza?"

"Shikamoo, mzee," akasema Mama Apolinaria.

Tukaingia. Mzee alikuwa anatembea nyuma na mwalimu, taratibu, akieleza alivyopanda kila mstari. Mama Apolinaria alitutanguliza mbele mpaka hatukuwasikia. Kwenye ukanda wa kwanza uliosafishwa akachuchumaa, nasi tukachuchumaa. Pale, kwenye udongo mkavu usio na jani hata moja, lilikuwa limesimama ua jekundu, duara, kubwa kama ngumi ya mtu mzima, nyuzinyuzi tupu kama shungi la jogoo aliyekasirika. Alitutajia jina lake kwa Kinyamwezi, lakini nikilitamka mimi Kulwa anaanguka chini kwa kicheko, kwa hiyo nitaliita ua la ngumi.

"Halingoji mvua," akasema. "Linatoka kabla. Likitoka hili, mrina asali anajua nini?"

Akaligusa kwa kidole.

"Anajua mizinga ni mitupu. Mitundu ndiyo kwanza inachanua. Nyuki wanahama, wanatafuta nyumba. Ukiliona ua hili unapanda mtini na mzinga mtupu, unautundika, unashuka, unasubiri. Unashika kamba. Hushiki moto. Moto wa nini na asali hakuna?" Akatutazama mmoja mmoja. "Rudieni."

"Unashika kamba, hushiki moto!"

"Wewe mwenye maswali," akanionyesha kidole. "Umesikia?"

"Nimesikia, mama." Nikaandika kwenye daftari. Mimi huandika kila kitu, hata bei ya karanga.

Tukaona mengine: ya zambarau yaliyolala chini kabisa kama yameanguka kutoka mfukoni mwa mtu, na ya njano yanayofunga jua likiwa kali. Saa nne tukafika mahali ambapo watu wa mradi walikuwa wamechoma marundo ya matawi wiki iliyotangulia. Mama Apolinaria alitueleza kwamba wakichoma, watu sita husimama na maji mpaka jivu lipoe. Visiki vilikuwa vyeusi. Katikati yake maua ya ngumi yalikuwa yamejaa, labda mia, mekundu juu ya weusi. Kulwa aliacha kuongea. Hilo tu liwekeni kwenye historia.

Mzee Chilewa akatufikia, akajifuta jasho. Mwalimu Adriano akasema, "Mzee, wasimulie vijana kidogo. Hapa si ndipo ule moto wa tisini na nne ulipopita?"

Nilimtazama Mama Apolinaria. Alikuwa anatoa mwiba kwenye kisigino, kama vile hasikii.

"Hapahapa!" Mzee akanyoosha fimbo. "Wanangu, nisikilizeni. Moto ule ulikuwa unakimbia kama treni. Nilikuja na ndoo, mbio, na haya maua mekundu, unayaona haya? Yalikuwa yamejaa hivihivi. Nikadhani ni makaa! Nikawa nayaruka, naruka moja nakanyaga jingine. Sitasahau mpaka nife. Na chanzo ni mwenge wa mrina asali. Ndiyo maana nawaambia, mtu mmoja mzembe na asali yake…"

Nilikuwa naandika. Kalamu ikasimama yenyewe. Wallahi sikuwa na nia mbaya, nilikuwa sijaelewa tu, na mimi nisipoelewa mdomo hunitangulia.

"Samahani, babu. Kama haya maua yalikuwa yametoka, mizinga si ilikuwa mitupu? Huyo mrina asali alikuwa anarina nini?"

Mzee alishusha fimbo.

"Asali," akasema Mzee.

"Lakini haikuwepo."

"Ya… ya kuiba haina msimu, binti."

Kulwa akarudiwa na sauti. "Babu, isiyokuwepo utaiibaje?"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. "Mwalimu, watoto wako wamekosa adabu," akasema, akaanza kutembea kwa haraka kuelekea langoni, kwenye kibao chake. Njia pale inabanwa na magogo ya mipaini pande zote mbili, anapita mtu mmoja tu. Mama Apolinaria alikuwa ameshafika. Sijui alipita wapi.

"Ee Mgogo!" akaita.

Mzee akasimama. Uso wake wote ukafunguka, na mimi nilimwonea huruma kwa sekunde moja, moja tu. "Mmesikia? Ameniita! Miaka thelathini nachokoza, leo ndiyo amejibu! Haya, mpagazi, sema!"

Mama Apolinaria akalaza fimbo yake ya kuongozea kutoka gogo hadi gogo. "Hongo."

"Ha! Wewe ndiye unitoze mimi?" Mzee alikuwa anacheka kwa furaha ya kweli. Akachomoa noti.

"Rudisha mfukoni."

Akavua kofia. "Basi nguo. Babu zenu walitupatia nguo."

"Sili nguo. Nataka mikono." Akamwonyesha kisiki kilichoungua. "Jipake. Kama ulivyojipaka msibani kwa baba yangu."

Kicheko cha Mzee kilibaki mdomoni bila sauti. Mwalimu Adriano akasogea. "Mama Apolinaria, jamani, huyu ni mgeni rasmi wetu…"

"Mwalimu, wewe kabila gani?"

"Mmakonde."

"Basi kaa pembeni. Hapa ni Wanyamwezi na Wagogo." Hakuondoa macho kwa Mzee. "Umekasirika, mtani?"

Hapo ndipo nilipoona alivyombana. Akisema amekasirika, amevunja utani ambao amejivunia maisha yake yote, tena mbele ya watoto ishirini na wawili. Asipokasirika, anatoa hongo. Na Mgogo gani atasema haijui hongo?

"Sijakasirika," akasema. Akainama, akaweka viganja kwenye kisiki. Vikatoka vyeusi.

"Mpaka kwenye viwiko."

Akakunja mikono ya suti. Akapaka. Nilisikia masizi yakikwaruza ngozi. Natakiwa niandike kwamba nilisikitika. Sikusikitika. Moyo wangu ulikuwa unasema ongeza, ongeza.

"Inua juu. Sema ulilolisema kaburini."

"Silikumbuki, mama. Ulikuwa utani."

"Na huu ni utani. Ulisema, kwaheri, mchoma misitu. Leo utalisema tena. Ila jina liwe la kweli."

Mzee Chilewa alisimama mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. Alimtazama mwalimu, akatutazama sisi, akayatazama maua. Akasema kitu.

"Watoto wa nyuma hawajasikia."

"Mchoma misitu ni Chilewa."

Akashusha mikono, akakaa kwenye gogo, na maneno yakamtoka mfululizo, bila kuvutwa. Alikuwa ameagizwa asichome matawi kabla ya mvua. Akachoma, ili amalize eneo lake aonekane hodari. Akawaruhusu vibarua wakale. Upepo ukaja. "Niliogopa kazi. Nilikuwa na watoto watano."

"Baba yangu alikuwa wapi?"

"Juu ya mti. Ndiye aliyeuona moshi kwanza. Alishuka, akavunja matawi, akawa anaupiga moto peke yake. Mimi nilipofika na ndoo alinipita mbio, akaniambia…" Akaitazama mikono yake. "Akaniambia, mtani, leta maji."

Mama Apolinaria hilo alikuwa halijui. Lakini hakulia, na sauti haikubadilika.

"Juu ya mti alikuwa ameshika nini?"

"Kamba."

"Si moto?"

"Kamba, mama. Alikuwa anatundika mzinga mtupu."

Mama Apolinaria akaondoa fimbo. "Pita."

Tulimfuata Mzee nyuma. Langoni Mzee aliomba maji anawe. Kulwa alikuwa na dumu, akaanza kulifungua.

"Hayo ni ya kunywa," akasema Mama Apolinaria. "Mnyweshe, Shamila." Nikamshikia kikombe, akanywa kama mgonjwa, mikono yake akiiweka mbali na suti.

Mwalimu Adriano akanong'ona kwamba labda shughuli ya kibao iahirishwe. Mama Apolinaria alimsikia. "Kwa nini? Mgeni rasmi amefika. Afunue."

Akafunua. Kile kitambaa cheupe kilipodondoka kilikuwa na vidole kumi vyeusi, na kibao kilisema kwa rangi ya kijani, NJIA YA MAUA YA MZEE CHILEWA. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee alilisoma jina lake kana kwamba la mtu mwingine, akashika fimbo, akaenda zake.

Wiki iliyofuata kibao kiling'olewa. Kamati ilitaka kuandika jina la Alois, Mama Apolinaria akakataa. Alisema baba yake hakuomba njia, aliomba maji. Mpaka sasa zimebaki nguzo mbili tupu za kibao. Kitambaa nilipewa mimi nikifue kwa kuwa nyumbani kwetu ni kwa fundi nguo. Kiko sandukuni kwangu, na sabuni sijakigusisha.

Nilienda kwake mwezi uliofuata kumuuliza habari zake ili niandike haya. Alikuwa anatundika mzinga mpya kwenye mtundu ulio nyuma ya nyumba, alama yake mistari miwili na nukta. Mimi nilikuwa chini nimeshika ncha ya kamba.

"Mama, ulijua kwamba nitauliza?"

"Nilijua siku moja mmoja atauliza. Huu mwaka wa tatu nawafundisha wanafunzi habari ya ua lile kabla hajafika. Mwaka juzi alisimulia hivyohivyo, na maua yake, hakuna aliyeuliza. Mwaka jana hakuja."

"Kwa hiyo uliuazima mdomo wangu."

"Nimekurudishia. Haujaharibika, naona."

Nilitaka kumuuliza kama sasa kinyongo kimekwisha. Lakini kwenye ua wa miti alikuwa amesimama mtu, kofia mkononi. Mzee Chilewa. Hakusema "ee mpagazi". Alisimama kwa muda mrefu mpaka kuku wakamzoea. Kisha, yeye mwenye miaka sabini na nne, akakunja mikono mbele, akashusha macho, akamwambia mwanamke wa umri wa binti yake:

"Shikamoo, mama."

Nilishtuka nikataka kucheka. Nilingoja Mama Apolinaria amkatalie, maana mzee haamkii mtoto. Yeye huko juu alifunga fundo la kwanza, akafunga la pili, akalivuta kulijaribu.

"Marahaba," akajibu, bila kutazama chini. Kisha akaniambia nikaze kamba.